KOCHI KUUKUU SI KUNI

Na mwanachama, Kidato cha Tatu

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa heshima zote, mimi leo nataka kuwapinga wahenga kidogo. Viko vitu vyema vingi ambavyo havikujiuza hata siku moja. Vilikaa kimya, vikarundikwa uani, vikanyeshewa, vikauzwa kwa bei ya kutupa na watu waliovimiliki bila kuvijua. Baadaye wakaja watu wengine wanaovijua, na hapo ndipo bei ilipozaliwa. Walimu wangu na wanafunzi wenzangu, naomba mnivumilie niwaeleze habari za makochi na viti vya mji mmoja wa India, kisha niseme kwa nini habari hizo zinatuhusu hata sisi wa shule ya kutwa, tunaokalia madawati yanayochana sketi na suruali kila wiki.

Kwanza tuelewane juu ya aina ya makochi ninayoyasema. Vita Vikuu vya Pili vilipokwisha mwaka 1945, watengenezaji wa samani, au fenicha kama tulivyozoea kusema, walibadilisha mtindo katika nchi nyingi. Makochi ya zamani yalikuwa mazito kama tembo, yenye nakshi kila mahali, matakia yaliyofura na miguu iliyochongwa kama ya simba. Watu wa enzi mpya walitaka kochi jepesi, lenye miguu myembamba na mistari iliyonyooka, lisilo na mapambo ya bure. Kule Marekani, Charles Eames na mkewe Ray walijifunza kupinda plaiwudi wakati wa vita, walipokuwa wakilitengenezea jeshi la majini vibao vya kufungia miguu iliyovunjika. Vita vilipokwisha, ujuzi huo wakautia kwenye viti. Kule Denmark, Finn Juhl alibuni mwaka 1941 kochi dogo la watu wawili liitwalo Poet, akaliweka nyumbani kwake mwenyewe. Mwaka 1956 kampuni ya Herman Miller ya Marekani ikatoa kochi la ajabu liitwalo Marshmallow, lenye matakia 18 ya mviringo, kama sahani zilizopangwa ukutani. Yale ya mwanzo yalitengenezwa machache tu, na ndiyo sababu leo ni adimu.

Makochi ya namna hii sasa yanasakwa na wakusanyaji. Mkusanyaji ni mtu anayenunua kitu si kwa sababu hana pa kukaa, bali kwa sababu kitu chenyewe hakipatikani ovyo. Anaweza kutoa maelfu ya dola kwa kochi moja, kisha akakukataza usilikalie! Tukisikia hivyo tunacheka, tunasema hao ni matajiri waliokosa kazi. Wacha tucheke, lakini tusikimbilie kucheka kabla hatujasikia kisa cha Chandigarh.

India ilipata uhuru mwaka 1947, na siku hizo hizo nchi ikagawanywa, Pakistan ikazaliwa. Jimbo la Punjab likakatwa vipande viwili. Lahore, uliokuwa mji mkuu wa jimbo hilo, ukaangukia upande wa Pakistan. Upande wa India ukabaki na wakimbizi wengi na bila mji mkuu. Serikali ya Waziri Mkuu Jawaharlal Nehru ikaamua kujenga mji mpya kabisa, ndio Chandigarh. Mwaka 1951 kazi ya kuuchora ikachukuliwa na Le Corbusier, msanifu majengo mashuhuri mzaliwa wa Uswisi. Lakini aliyekaa pale miaka nenda miaka rudi, akisimamia ujenzi juani na mvuani, ni binamu yake, Pierre Jeanneret. Huyo alikaa hadi mwaka 1965. Alipofariki mwaka 1967 aliacha wosia kwamba majivu yake yatiwe katika ziwa Sukhna la mji ule ule. Ama kweli huyo hakuwa mgeni tena.

Sasa, mji mpya una ofisi mpya, mahakama mpya, chuo kikuu kipya na maktaba mpya. Watu watakaa wapi? Kuagiza fenicha kutoka ng'ambo kungewamaliza. Kwa hiyo Jeanneret akishirikiana na wasanifu wa Kihindi, akiwemo Eulie Chowdhury, mmoja wa wanawake wa kwanza wa India katika taaluma hiyo, wakabuni viti, meza, rafu na makochi ambayo seremala wa kawaida wa pale angeweza kuyatengeneza kwa mikono yake. Mbao zilikuwa za msaji, ambao hauogopi mchwa wala unyevu. Viti vingi vilisukwa kwa henzerani, ili hewa ipite na mgongo wa karani usilowe jasho. Miguu ilitanuliwa kama bikari tunayochorea duara katika somo la hisabati. Hakikuwa kitu cha anasa. Kilikuwa kiti cha karani, cha hakimu, cha mwanafunzi, tena mgongoni kimepakwa herufi na namba kwa rangi ili kisiibwe kikapelekwa idara nyingine. Nani kati yetu hajaona namba kama hizo kwenye dawati?

Miaka ikapita. Henzerani zikakatika, miguu ikalegea, na maofisa wakatamani viti vya chuma vyenye sponji, vile vinavyozunguka. Vya zamani vikapandishwa juu ya mapaa na kurundikwa nyuma ya majengo. Vingine vikageuka kuni. Vingi vikauzwa na serikali yenyewe kwenye mnada kama takataka, rundo zima kwa mpigo. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 wakaja wafanyabiashara kutoka Ulaya, hasa Ufaransa, wakanunua marundo hayo kihalali kabisa, wakapakia katika makontena. Huko kwao waliviosha, wakavipiga msasa, wakasuka upya, wakatia vitambaa vipya, wakavipiga picha na kuviandikia vitabu. Kiti kilichouzwa kama kuni mjini Chandigarh kikaja kuuzwa kwa maelfu ya dola mjini Paris na New York. Hata vifuniko vya chuma vya mashimo ya maji taka, vilivyochorwa ramani ya mji, vilifika kwenye minada ya Ulaya. Mwaka 2013 msanii wa Marekani, Amie Siegel, alitoa filamu iitwayo Provenance inayofuata viti hivyo kinyumenyume: inaanzia katika nyumba za matajiri, inapita minadani na bandarini, na mwisho inafika Chandigarh kwenyewe.

Wenye mali walipozinduka, walikuwa wamechelewa. Mwaka 2011 serikali ya India ikakataza samani hizo zisiuzwe wala kutolewa nje, na mji ukahesabu zilizobaki, zikapatikana zaidi ya 12,000. Mwaka 2016 majengo makuu ya serikali ya Chandigarh yakaingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Hata hivyo, vilivyokwisha kwenda havirudi. Sheria ya India ya mwaka 1972 inayolinda vitu vya kale inahitaji kitu kama hicho kiwe na umri wa miaka 100, na kiti cha mwaka 1955 bado ni kijana. Kwa hiyo mnada unaendelea ng'ambo, na India inatazama tu.

Sasa nauliza: kosa lilikuwa nini hapo? Wengi watasema kosa ni kuuza. Mimi sikubaliani nao. Ofisi haiwezi kuweka kila kiti kilichovunjika mguu, na waliovinunua hawakuiba. Tena tuseme ukweli, bila wafanyabiashara wale huenda viti vingi vingeishia jikoni na leo tusingekuwa na la kuzungumza. Kosa, kwa maoni yangu, ni kwamba waliuza kabla ya kujua wanachouza. Hakuna aliyekaa chini kwanza akaandika: hiki kilibuniwa na fulani, kikachongwa na fulani, mwaka fulani, kwa mbao fulani, kikakaliwa katika chumba fulani.

Na angalieni jambo la ajabu. Leo mkusanyaji anaponunua kiti cha Chandigarh, kitu cha kwanza anachouliza ni karatasi. Kilitoka ofisi gani? Kiliuzwa katika mnada gani? Kuna picha yake kikiwa bado pale? Zile namba zilizopakwa mgongoni, ambazo karani aliziona uchafu, ndizo zinazopandisha bei. Kwa kuwa pesa zimekuwa nyingi, waongo nao wamejaa, wanatengeneza viti vipya, wanavichakaza kwa makusudi na kuvipaka namba za uongo. Maana yake ni nini? Maana yake mkusanyaji hanunui mbao. Mbao anaweza kuzipata popote. Ananunua habari. Kochi lisilo na habari zake ni kuni zenye matakia.

Kuna jambo jingine linaloniuma zaidi. Katika matangazo ya minada hiyo jina la Pierre Jeanneret huandikwa kwa herufi kubwa. Seremala wa Kihindi aliyekata msaji, akaupiga randa na kuunga viungo vyake, jina lake halimo. Halimo si kwa sababu mtu alilifuta. Halimo kwa sababu hakuna aliyeliandika tangu siku ile ya kwanza. Jina likishapotea, hata mtu mwenye nia njema na pesa nyingi hawezi kulinunua.

Labda msomaji anasema, hayo ni ya Wahindi na Wafaransa, sisi yanatuhusu nini? Tuangalie kwetu. Sheria yetu ya makavazi na urithi ya mwaka 2006 inataja miaka yake pia. Kitu cha kale kinachobebeka, kwa mujibu wa sheria hiyo, ni kile kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Milango ya nakshi, kama ile ya Lamu, inalindwa ikiwa ilichongwa kabla ya mwaka 1946. Hayo ni mazuri, na nashukuru. Lakini kiti kilichotengenezwa mwaka 1960, kabati la zahanati, kochi la ofisi ya chifu, benchi la shule iliyojengwa kwa harambee, yote hayo yako nje ya miaka hiyo. Ni kama India tu. Vitu vya babu wa babu vina mlinzi, vya babu mwenyewe havina. Mlinzi wake ni mimi na wewe.

Na hapa ndipo nafika shuleni petu. Muhula huu tumetangaziwa kwenye paredi kwamba fenicha yote kuukuu iliyoko nyuma ya stoo itauzwa kwa yeyote atakayekuja na mkokoteni, na itakayobaki itaingia jikoni. Sina ugomvi na tangazo hilo. Nafasi ni haba na githeri haliivi kwa maneno. Lakini katika rundo lile liko kochi moja la mbao, la watu watatu, ambalo zamani lilikuwa nje ya ofisi ya karani. Halina msumari hata mmoja unaoonekana. Mikono yake imelainishwa na viganja vya wazazi waliokaa pale wakingoja kuulizwa habari za karo. Mgongoni lina namba kwa rangi nyeupe, kama vile vya Chandigarh.

Nilimwuliza mama mpishi, ambaye aliingia hapa kabla ya walimu wetu karibu wote. Aliniambia, "Mwanangu, hilo lilitengenezwa na mzazi. Alikuwa fundi, hakuwa na karo. Badala ya mtoto kufukuzwa, baba yake akaambiwa alete mbao na mikono." Fundi huyo alitengeneza makochi mawili na rafu za kwanza za maktaba, na mtoto wake akamaliza Kidato cha Nne. Jina la fundi mama mpishi analikumbuka. Jina la mtoto pia. Nilipoomba kuona kitabu cha mali ya shule, nilikuta maneno mawili tu: "Makochi, mawili." Basi. Habari yote hiyo iko katika kichwa cha mtu mmoja, na mtu huyo anastaafu mwezi wa Desemba.

Naomba nisieleweke vibaya. Sisemi kochi letu litapelekwa Paris. Likipelekwa huko halitapata hata wa kulipangusa vumbi, kwa kuwa halikubuniwa na mtu mwenye jina kubwa. Wala sitaki tulipende kwa matumaini kwamba siku moja Mzungu atashuka kwenye gari na kutupa mamilioni. Fikira hiyo ndiyo mbaya kabisa, maana inatufundisha kungoja macho ya mwingine ndipo tuone kilicho mbele yetu. Kochi hili thamani yake ni kwamba linathibitisha kuwa shule yetu iliwahi kumwambia mzazi maskini, "Leta ulicho nacho." Siku hizi tunapofukuzwa karo, ushahidi kama huo si jambo dogo. Likiingia jikoni litachemsha githeri la siku moja, na ushahidi utakuwa umeliwa.

Mwenzangu mmoja aliposikia hoja hizi aliniuliza, "Kwa hivyo wewe unataka tukae sakafuni ndio historia ikae kwenye kiti?" Swali zuri. Hapana, sitaki. Kitu cha kukalia kikaliwe. Mwingine akasema kwamba shule ina shida kubwa kuliko kochi: maabara haina kemikali na choo kinavuja. Hayo pia ni kweli tupu. Lakini kuandika kwenye daftari hakuchukui kemikali ya mtu, wala hakuongezi tundu kwenye choo. Kazi ninayoipendekeza inahitaji kalamu, futi ya kupimia na Jumamosi mbili.

Mapendekezo yangu ni haya. Kwanza, kabla ya mkokoteni wowote kuingia, Chama cha Kiswahili kiruhusiwe kuorodhesha kila kitu kilichoko nyuma ya stoo: ni nini, ni mbao gani, kina namba gani, kilikaa chumba gani, na nani alikitengeneza kama yuko anayejua. Mama mpishi, mlinzi na walimu waliostaafu waulizwe, na majibu yao yaandikwe kama walivyosema. Kazi hii ni ya Chama chetu hasa, maana ni kazi ya lugha pia. Wangapi kati yetu wanajua kwamba mguu wa kitanda unaitwa tendegu na ubao wake wa ubavuni mfumbati? Mafundi wana maneno yao ambayo hayamo katika vitabu vyetu vya marudio, na mafundi hao wanazeeka.

Pili, kibaki kimoja cha kila aina. Si lazima tuwe na makavazi. Kochi lile linaweza kurudi pale pale nje ya ofisi, likiwa na kibao kidogo chenye jina la fundi. Tatu, kinachotengenezeka kitengenezwe. Tuna mafundi wa jua kali hatua mia mbili kutoka langoni. Waulizwe kurekebisha mguu wa benchi la mbao ngumu ni pesa ngapi, kisha jibu lao lilinganishwe na bei ya benchi jipya la mbao laini litakaloanza kuyumba kabla hatujafanya mtihani. Nne, kitakachouzwa kiuzwe hadharani, kwa risiti, kikiwa na namba yake kitabuni. Hapo tutakuwa tumeuza kama watu wanaojua wanachouza.

Najua mapendekezo ya mwanafunzi ni kama mate ya kuku, hayazimi moto. Lakini mjini Chandigarh walikuwepo mainjinia, mahakimu na maprofesa waliovikalia viti hivyo miaka na miaka, na kati yao wote hakuna aliyewahi kuuliza swali kabla mgeni hajaja kununua. Kuuliza hakuhitaji shahada. Kunahitaji mtu ainuke kwenye kiti, akigeuze, asome kilichoandikwa mgongoni.

Mkutano wa Chama ni Ijumaa baada ya masomo, katika darasa la Tatu Mashariki. Nitaleta daftari jipya na futi. Atakayekuja na aje na kalamu yake, na anayepinga hoja zangu naye aandike. Jarida la mwaka ujao lina kurasa za kutosha.